Miaka Yangu ya Kung'oa Lantana Mto Ruiru

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alinipeleka Mugutha nione kiploti alichonunua. Tulipopita karibu na mto tukawakuta ninyi vijana wa kanisa, mmevaa fulana za rangi moja, mnakata vichaka vya lantana kwa panga huku mnaimba. Mlikata mpaka usawa wa magoti, mkaacha visiki vimesimama kama meno ya mzee, mkapiga picha, mkaenda kunywa soda. Sikusema kitu. Mlikuwa mmechoka, na mimi nilikuwa ndani ya gari. Lakini niliporudi hapa Ngoingwa nilikosa raha, nikamwambia mjukuu alete kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Makosa ya Kiswahili ni yangu, ya kalamu ni yake.

Lantana mliyokata itarudi. Kila kisiki kitatoa matawi kumi pale palipokuwa na matatu, na mwaka ujao mtahitaji fulana nyingine. Siwacheki. Mimi mwenyewe niliikata hivyo hivyo, kabla mama zenu hawajazaliwa.

Nilitoka Maragoli nikiwa nimeolewa juzi, nikamfuata mume wangu Zakayo. Alikuwa na kazi ya kuosha kahawa katika shamba la mzungu mmoja, kati ya Ruiru na Thika. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Wakikuyu hawakuweza kwenda hata sokoni bila karatasi ya ruhusa, na wengi walikuwa wametolewa shambani kwa malori. Sisi wa magharibi tuliletwa kujaza nafasi zao. Kuna waliotuangalia vibaya kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu.

Mzungu wetu tulimwita Bwana Haraka, kwa maana hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote. Bwana Haraka alikuwa anaogopa kichaka cha mtoni. Aliamini wapiganaji wa msituni wanajificha humo. Akataka kila kitu kando ya mto kikatwe, hata miti mikubwa: mikuyu, miringa, mikinduri, yote. Aliyemzuia alikuwa Mutiso, Mkamba wa miaka hamsini hivi, nyapara wa kazi za nje. Nilikuwa pale siku hiyo, nimekwenda kuomba kibarua, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

Mutiso alimsimamisha mzungu chini ya mkuyu. "Bwana, unaona ng'ambo ya mto?"

"Mimi naona."

Akamsogeza hatua ishirini, akamsimamisha mbele ya ukuta wa lantana. "Na hapa?"

"Hapa mimi naona hapana."

"Basi anayeficha mtu ni huyu. Mkuyu hauna kosa."

Bwana Haraka alikuna kidevu. Siku iliyofuata Mutiso alipewa watu wanane wa kung'oa lantana tu, na miti ikabaki. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanane, na binti yangu Jesika mgongoni. Kwa hiyo mkiona ile mikuyu minene pale mtoni, mjue ilibakizwa na mtu asiyejua kusoma.

Wiki yangu ya kwanza niliharibu kazi. Nilioneshwa lantana mara moja, nikasema nimeelewa, kama msemavyo ninyi. Kufika jioni nilikuwa na rundo kubwa kuliko la mtu yeyote. Mutiso akaja, akachukua tawi moja kwenye rundo langu, akalinusa, akachuma kitunda cha zambarau, akakila. Halafu akanipa kingine. Kilikuwa kitamu.

"Mama Jesika," akasema, "umeua wenyeji na wageni umewaacha."

Nilikuwa nimeng'oa mukenia, mti mdogo wa hapa hapa, ambao watoto wa Kikuyu wanakula matunda yake wakichunga. Ni ndugu wa lantana, lakini hana ubaya. Tangu siku hiyo nilijifunza kuangalia kwa mikono. Mukenia majani yake hutoka matatu matatu kwenye shina, na ukishika shina halikuchomi. Lantana ya bustani majani hutoka mawili mawili. Shina lake lina pembe nne, na ukilipitisha mkononi unakutana na vimiiba vilivyopinda kurudi nyuma. Maua yake hukaa kichwa kimoja na rangi mbili, manjano katikati, nyekundu au waridi pembeni. Matunda yakiiva ni meusi ya kung'aa. Ukiponda jani, harufu yake ni ya pahali ambapo paka dume amekojoa. Kama una shaka, ponda jani unuse. Macho hudanganywa, lakini pua ya mtu ambaye ameshawahi kukaa na paka haidanganywi.

Kuing'oa nako kuna adabu yake. Panga ni la kupunguza matawi tu ili ufikie chini. Kazi yenyewe ni ya sururu na jembe la meno. Tafuta pale shina linapovimba kwenye udongo, kama goti. Hapo ndipo uhai wake ulipo. Chimba kando yake, utie sururu chini ya goti, uinue. Ukisikia limelia kama kitambaa kinachopasuka, umelipata. Mizizi midogo ikibaki usiililie, lakini goti lisibaki. Halafu usiliache limelala kwenye udongo wenye maji, litashika tena kabla hujafika nyumbani. Sisi tulikuwa tunaligeuza, mizizi juu, tunalipachika kwenye mawe au panda ya mti likauke. Mikono tuliifunga vipande vya gunia. Gilavu za mikononi tulikuwa tunaziona kwa memsahib tu, mke wa Bwana Haraka.

Na msianze pale penye ubaya mwingi. Hilo lilinishangaza hata mimi. Nilikuwa nataka kuvamia pale kichaka kilipokuwa kirefu kuliko mtu, nionekane nimefanya kazi. Mutiso alikataa. Alituanzisha juu, pale msitu ulipokuwa mzima na lantana ni moja hapa moja kule. "Mwenye nyumba akiwa na nguvu, msaidie kumtoa mgeni mmoja," alisema, "atajilinda mwenyewe. Ukifungua uwanja mkubwa, nani ataulinda? Wewe?" Tulitoka kwenye uzuri tukienda kwenye ubaya, polepole, na kila baada ya mvua tulirudi nyuma kung'oa miche kwa vidole. Miche ya lantana baada ya mvua ni kama nywele za mtoto. Atakayewaambia kazi hii inaisha mara moja, muulizeni kama amewahi kurudi baada ya mvua.

Bwana Haraka hakupenda polepole. Msimu mmoja alileta dawa katika madebe na bomba la kubeba mgongoni. Tulinyunyiza siku nne, tukanuka hata Zakayo akahamisha kitanda. Lantana ikakauka majani, mzungu akafurahi, akatuita kuona. Miringa miwili iliyokuwa karibu ikakauka pia. Mvua ilipokuja lantana ikachipua kutoka chini. Miringa haikuchipua. Mutiso alimpelekea Bwana Haraka sururu, akaisimamisha mlangoni pa ofisi, akaondoka.

Sasa nifike pale ambapo naogopa kufika.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali. Bwana Haraka alikuwa ameleta ng'ombe wapya wa maziwa kutoka Kinangop, kumi na mmoja, akawaweka kwenye uwanja wa nyasi uliozungushiwa waya karibu na mto. Nyasi zenyewe zilikuwa zimebaki mizizi. Aliyewachunga alikuwa mzee Kariuki, Mkikuyu, mmoja wa wachache walioachwa shambani kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua ng'ombe kama yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwapa ng'ombe wale majina kwa rangi zao, Njeru mweupe, Njiru mweusi, Ndune mwekundu, na akiwaita walikuja. Mimi aliniamkia kila asubuhi, "Wakia maitũ," ingawa kwa umri ningeweza kuwa mtoto wake. Kwa Kikuyu ni kumwamkia mama.

Tulikuwa tunang'oa kando ya waya ule. Matawi tuliyokata yalitakiwa kubebwa hadi kwenye shimo la mawe, mwendo wa dakika kumi kupanda. Jesika alikuwa na homa siku hizo, analia mgongoni. Siku mbili mfululizo, jioni, badala ya kupanda na mzigo, nilirusha matawi juu ya waya, ndani ya uwanja wa ng'ombe. Nilijiambia yatakauka humo. Nilijiambia ng'ombe hali lantana, na ni kweli, ng'ombe aliyezaliwa hapa hali. Sikufikiria ng'ombe mgeni mwenye njaa.

Siku ya tatu ng'ombe walikataa jua. Walijibana kwenye kivuli cha mti mmoja, wanasukumana. Siku ya nne pua zao zikababuka. Njeru, yule mweupe, alianza kutoka ngozi mgongoni kama mtu aliyemwagiwa maji moto, na macho yake yakawa ya manjano. Akafa usiku huo, na mwingine akamfuata kulipokucha.

Mimi nilikuwa nyumbani na Jesika, kwa hiyo sikuwaona. Nilisikia asubuhi kwenye foleni ya kazi. Mutiso alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Wamemchukua Kariuki," alisema.

"Nani?"

"Askari. Alfajiri. Bwana amesema ng'ombe wamelishwa sumu. Mkikuyu, ng'ombe wa mzungu, sumu. Unajua watamfanya nini huko kwa wachujaji."

Nilijua. Kila mtu alijua. Kuna waliokwenda kuchujwa, yaani kuhojiwa kwa kipigo kama wako upande wa watu wa msituni, wakarudi hawawezi kushika kijiko, na kuna ambao hawakurudi. Nikamwuliza ng'ombe walikuwa na nini. Aliponieleza pua, na ngozi, na kukimbia jua, nilielewa, maana nyumbani Maragoli niliwahi kuona mbuzi wa jirani hivyo hivyo, na wazee wakasema amekula ua la miiba, ambalo sasa nilijua ni lantana hii hii.

"Mutiso," nikasema, "ni mimi."

Alinivuta kando. Nilimwambia yote, matawi, waya, siku mbili. Akamwangalia Jesika mgongoni kwangu.

"Aiya! Nyamaza, mama. Una mtoto. Daktari wa mifugo ameshafika, labda ataona mwenyewe."

"Na asipoona?"

Nikaanza kutembea kwenda ofisini. Nilimsikia akilaani kwa Kikamba, halafu nikasikia viatu vyake nyuma yangu.

Bwana Haraka alikuwa barazani na daktari wa mifugo, mzungu mfupi mwenye mikono ya damu. Alikuwa ameshampasua Njeru. Nilianza kusema, lakini Mutiso alinitangulia. Akavua kofia akasema, "Bwana, mimi ndiye nyapara. Kosa la watu wangu ni langu." Nikamkatiza. Nilimwambia hapana, mkono uliotupa ni huu.

"Wewe natupa nini?" Bwana Haraka aliuliza.

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimebeba tawi moja mkononi, sikumbuki nililichukua wapi. Daktari alilipokea, akaliponda, akanusa. Akaingia kwenye gari lake, akarudi na beseni. Ndani kulikuwa na majani yaliyotafunwa aliyotoa tumboni mwa ng'ombe. Akayaweka kando ya tawi langu. Waliongea Kiingereza, mimi nikimwangalia Bwana Haraka usoni kama mtu anayesubiri hukumu. Alikuwa mwekundu, halafu akawa mweupe. Mwishowe daktari aligeuka akauliza kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mwenzake:

"Hii kitu ilitoka wapi mpaka mtoni?"

Mutiso, kofia mkononi, aliinua kidevu tu kuelekea nyumba ya mzungu. Pale mbele ya nyumba, kuzunguka bustani yote, kulikuwa na ua wa lantana uliokatwa vizuri kama meza, manjano na waridi, na ndege wamejaa wanakula matunda meusi. Memsahib aliletewa vipandikizi na rafiki yake wa Nairobi, miaka mingi nyuma. Ndege walikula pale, wakaenda kulala kwenye mikuyu ya mtoni, wakaangusha mbegu chini yake. Miaka yote hiyo tulikuwa tunachota maji na bomba liko wazi. Mutiso alikuwa anajua. Ila hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nilitegemea kufukuzwa. Sikufukuzwa, na sijui mpaka leo kwa nini. Nadhani Bwana Haraka aliona haya, na mtu mwenye haya hataki kelele. Lakini kosa moja hakulirekebisha haraka. Kariuki alikuwa ameshaingia ndani ya waya wa kambi ya kizuizini, na kumtoa kulihitaji barua ya Bwana, na barua haikuandikwa. Leo ana wageni, kesho ana mbio za farasi, kesho kutwa karani hayupo.

Basi nilifanya nililoweza. Kila asubuhi kabla ya foleni nilisimama chini ya baraza la ofisi na Jesika mgongoni. Akitoka nasema, "Bwana, barua ya Kariuki." Siku ya kwanza alinifukuza. Siku ya pili alipitia mlango wa nyuma. Siku ya tano Mutiso alikuja akasimama nami, na siku ya sita wakaja wale wengine saba. Hatukusema maneno mengine. Siku ya tisa alitoka memsahib. Alituangalia, akamwangalia mtoto, akarudi ndani, tukasikia sauti yake kupitia dirisha, Kiingereza kirefu. Karani alipanda baiskeli kwenda Thika mchana ule ule na bahasha mfukoni.

Wiki hiyo hiyo memsahib alikuja kwa Mutiso akiwa amevaa gilavu zake, akasema ua wa nyumbani uondolewe. Alishika jembe mwenyewe, akachimba kidogo, akachoka, akaketi chini akilia. Sikumcheka. Ni yeye aliyeupanda kwa mikono yake, na maua yale yalikuwa mazuri. Tuliutoa kwa siku tatu, goti kwa goti.

Kariuki alirudi kwa miguu kutoka Thika. Ilikuwa saa sita mchana, tunakula chini ya mkuyu. Alikuwa amekonda, amepoteza meno ya mbele, na mkono wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia. Wenzangu walisimama, wakampa mkono, halafu wakaondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka kazi. Nikabaki naye. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha kwa majuma yale yote.

Yeye ndiye aliyeanza. "Ni ng'ombe gani walipona?"

"Njiru alipona. Ndune alipona, amebaki na kovu puani. Wamekufa wanne."

"Njeru?"

"Njeru alikufa wa kwanza, mzee."

Aliinamisha kichwa. Alimlilia ng'ombe yule kimya kimya, machozi yakipita kwenye makovu mapya. Nilipoona anajifuta nikapiga magoti.

"Mzee Kariuki, ni mimi niliyetupa matawi. Nilikuwa nimechoka. Ni mimi nilikupeleka kule."

"Najua," alisema.

"Nani alikuambia? Mutiso?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuona ukiyatupa, siku zote mbili. Nilifikiri hawatayala. Nikiwa huko ndani, siku ya pili, ndipo akili ilinirudia." Alikuwa anaongea polepole kwa sababu ya mdomo. "Kila siku walikuwa wananiuliza. Nani alileta sumu? Taja jina moja tu, uende nyumbani."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ng'ombe walikula nyasi."

"Lakini ungenitaja! Nisingekulaumu, ilikuwa ni kweli."

Alimwangalia Jesika, ambaye alikuwa amelala kwenye leso kivulini, homa imekwisha, mdomo wazi.

"Ningesema wewe, wangemleta na huyu kule," alisema. Halafu akainuka kwa shida, akakataa mkono wangu, akavuka mto kwenda kuwaona ng'ombe waliobaki.